Jinsi ya Kukisia Hulka ya Mpelelezi wa Kwenye Tamthilia: Mwongozo Kamili

Muulize mtu yeyote anayefuatilia sizoni za upelelezi Sherlock ni mtu wa hulka gani, jibu litatoka kabla hujamaliza swali: INTJ, moja ya aina 16 za hulka zinazoandikwa kwa herufi nne. Luther? INTJ. Monk? INTJ. Hata Miss Marple, yule bibi wa kijijini anayefuma sweta huku akisikiliza umbea, naye atasukumiwa humohumo.

Kinachotokea ni kwamba tunampima mpelelezi kwa vitu vinavyomfanya awe mpelelezi: jicho kali, kumbukumbu isiyosahau, na lile tukio la mwisho anapowakusanya watu sebuleni na kuwapitia mmoja mmoja hadi muuaji anaanza kutoka jasho. Vitu hivyo mwandishi huwapa wote. Stelingi wa upelelezi asiyeona kitu hana tamthilia. Ukimpa mtu herufi nne kwa sababu ya akili yake umeipima kazi, mwenyewe hujamgusa.

Hapa tutafanya kinyume: tunaondoa kwanza kila ambacho makachero wote wanacho, halafu tunakitazama kilichobaki.

Herufi zenyewe, kwa haraka

Mzizi wa mfumo huu ni Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyechapisha kitabu chake kuhusu aina za hulka mwaka 1921. Kule Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wakayachukua mawazo yake na kuyageuza kuwa maswali ya kujaza, yenye majibu yanayokuweka kwenye aina 16. Mama na binti, hakuna aliyekuwa amesomea saikolojia. Isabel, tena, alikuwa ameshaandika riwaya ya upelelezi na kushinda nayo shindano, miaka mingi kabla ya maswali yake kujulikana. Kwa hiyo anayekuona mtu wa ajabu kwa kuwapima makachero mwambie mambo haya yalianza kuishi nyumba moja zamani.

Jozi ni nne. E ni anayepata nguvu akiwa na watu na kuwaza kwa kusema. I ni anayejitenga ndipo awaze. S huanzia kwenye kilichopo, kinachoonekana na kushikika; N huanzia kwenye maana iliyojificha nyuma yake. T hupima uamuzi kwa hoja na kanuni; F huupima kwa watu na kwa kile anachokiamini moyoni. J hutaka jambo lifungwe. P huliacha wazi na kwenda nalo linavyokwenda.

Herufi hizi nne zichukue kama maandishi ya ubavuni mwa daladala. Ukisoma Gongo la Mboto–Kariakoo umejua linakokwenda, bado hujajua dereva anaendeshaje.

Hatua ya 1: Chagua cha kutazama, na ukisikie kwa sauti yake

Amua kwanza unampima nani. Ukisema Sherlock hujasema kitu. Wa Jeremy Brett (1984–1994) ni mtu mmoja, wa Benedict Cumberbatch kwenye BBC (2010–2017) ni mwingine, na wa Jonny Lee Miller anayeishi New York (2012–2019) ni wa tatu. Jina ni moja, waigizaji na waandishi ni tofauti, na ubishi mwingi vijiweni ni wa watu wanaozungumzia watu wawili bila kujua.

Halafu kuna suala la DJ, yule anayetafsiri filamu kwa kusema juu yake. Hapa Dar wengi tumewajua mastaa wa nje kupitia kanda zilizotafsiriwa, tangu enzi za mabanda ya video hadi leo unapochukua sizoni laibrari ya mtaani na kuingiziwa kwenye flashi. Raha yake haina mfano. Lakini DJ anampa kachero maneno ya Manzese, anamtania mshukiwa kwa niaba yake, anamfanya mtu mkimya awe mwongeaji, na penye ukimya wa nusu dakika anaujaza kwa utani wa Simba na Yanga. Ukimpima mpelelezi kwa kanda ya namna hiyo, unachopata ni hulka ya DJ. Tazama mara ya kwanza kwa starehe, ukitaka kupima rudia kwa sauti ya asili na maandishi chini.

Usitumie kipindi cha kwanza pekee. Waandishi huwa bado wanamtafuta mtu wao. Columbo anayeonekana kwa mara ya kwanza na Peter Falk mwaka 1968 ni nadhifu zaidi na mkali zaidi kuliko yule aliyekuja kupendwa tangu 1971. Chukua kipindi cha katikati, kimoja ambacho kesi inamgusa yeye binafsi, na kimoja anachoshindwa au anachokaa bila kazi. Hicho cha mwisho ndicho adimu, na ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu mtu asiye na kesi mkononi hana pa kujifichia.

Hatua ya 2: Ondoa vya kazi

Chukua karatasi. Futa: anaona vitu vidogo, anagombana na bosi, halali, ndoa imemshinda, anapenda kwenda mwenyewe eneo la tukio bila kusubiri wenzake. Hivi ni sare ya kazi, kila kachero wa televisheni anavaa.

Futa pia adabu za kwao. Sisi tuliozoea kuulizwa za nyumbani, za watoto na za safari kabla ya kuulizwa kilichotuleta, tukimwona mtu anaingia bila hodi na kuanza na "ulikuwa wapi saa tatu usiku?" tunamwandikia T papo hapo. Ngoja. Mtazame kwanza askari wenzake wa nchi hiyohiyo wanavyoingia. Kama wote ndivyo walivyo, hiyo ni desturi. Saga Norén wa tamthilia ya daraja linalounganisha Malmö na Copenhagen (2011–2018) ni mfano mzuri kwa sababu hata wenzake wa Skandinavia wanamshangaa: anabadilisha shati ofisini mbele ya watu, anajibu swali la adabu kama ni swali la kweli. Hapo ndipo una haki ya kuandika kitu, kwa kuwa anapishana na watu wa kwao. Bado kuna jambo la kuangalia kwake, nalo ndilo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Ondoa zuga, jeraha na maradhi

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote.

Anza na zuga. Columbo anaingia na koti la mvua lililokunjamana, sigara mdomoni, anasahau kalamu, anamsifia muuaji nyumba yake, anasimulia habari za mke wake ambaye hatumwoni kamwe, anaaga, anafika mlangoni, anageuka: kuna kitu kimoja kidogo tu kimemsumbua. Anayemwandika mtu wa kusahausahau amenaswa mtego uleule anaonaswa muuaji. Wahenga walisema usione simba kanyeshewa ukadhani paka. Kanuni: tabia yoyote ambayo mpelelezi anaitumia mbele ya mshukiwa isihesabiwe mpaka uione tena mahali ambapo haimpi faida yoyote. Patrick Jane wa The Mentalist (2008–2015) naye anachokoza, anacheka, anacheza mazingaombwe ya kusoma mawazo ya watu. Alikuwa akiishi kwa kujifanya mwaguzi kabla ya kuingia kazini. Mhesabu akiwa kwenye kochi lake na kikombe cha chai, wakati hakuna wa kumchezea.

Jeraha. Jane aliuliwa mke na binti. Monk aliuliwa mke wake Trudy kwa bomu la gari. Mtu aliyefiwa namna hiyo akijitenga, huwezi kusema tu kwamba ni I. Huenda ni msiba. Uliza alikuwaje kabla. Tamthilia nzuri hukupa jibu kwa kurudi nyuma, kwa picha za zamani, kwa shemeji au rafiki wa utotoni anayetokea. Monk tunaonyeshwa kwamba hofu na unadhifu wake vilikuwepo tangu utotoni, kifo cha Trudy kikavizidisha. Kwa hiyo kuna sehemu ya Monk ambayo msiba hauielezi.

Maradhi nayo yanaielezea sehemu gani? Monk (2002–2009) ana ugonjwa wa kurudiarudia mambo kwa hofu: anagusa nguzo za barabarani, hashiki mkono wa mtu bila kufuta wake. Huo ni ugonjwa wenye jina na matibabu, si herufi J. Saga wengi humwona kama mwenye usonji ingawa tamthilia yenyewe haikumpa jina hilo, na hata hapo tahadhari ni ileile. Ukimpa mtu herufi kwa sababu ya hali ya kiafya, umewaandikia wagonjwa wote wa dunia hulka moja. Acha kabisa.

Hatua ya 4: Pima herufi, ukianzia na S na N

Watu huanza na E na I kwa sababu ndizo za kwanza kwenye jina. Kwa makachero anzia S na N, kwa kuwa huo ndio mlango ambao ushahidi unaingilia, na tamthilia inakuonyesha mlango huo kila kipindi.

Swali ni hili: kabla hajajua chochote, anashika nini? Columbo anashika kitu. Majivu ya sigara, kiatu, saa ya simu iliyopigwa, kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale. Anakikusanya, anakipanga, anarudi kukiuliza tena na tena. S safi. Sasa mweke pembeni John Luther wa Idris Elba, katika kipindi cha kwanza cha 2010. Amekaa na Alice Morgan, ambaye wazazi wake wameuawa. Luther anapiga miayo. Miayo inaambukiza, Alice hapigi. Luther anamshika kwa kitu ambacho hakikutokea, kisichoweza kuwekwa kwenye mfuko wa ushahidi wala kupelekwa mahakamani. Tangu dakika hiyo anajua ni yeye, na hana pa kuanzia kuthibitisha. Hiyo ni N. Tukio hilo moja ningelitumia kumfundishia mtu yeyote tofauti ya herufi hizi mbili.

Miss Marple, hasa wa Joan Hickson (1984–1992), anawachanganya watu. Anamwangalia tajiri aliyefika jana na kusema anamkumbusha kijana fulani wa kijijini kwake St Mary Mead aliyewahi kudokoa hela. Wengi wanaona uchawi, wanaandika N. Mimi naona ghala. Bibi huyu ameishi kijijini miaka mingi, ameona kila aina ya uovu mdogomdogo, na kila anachokiona sasa anakilinganisha na kilichowahi kutokea kweli kwa mtu wa kweli. Mjini hapa tuna mabibi wengi wa namna hiyo, hawaoti, wanakumbuka. S.

Kwa E na I, sahau kama anaongea sana. Kumhoji mtu ni kazi. Tazama anakwenda wapi fumbo linapomkwama. Hapa nina msimamo utakaowaudhi wengi: Sherlock wa Cumberbatch ana E nyingi kuliko mnavyotaka kukubali. Anawaza kwa mdomo. Kabla rafiki yake Watson hajahamia kwake Baker Street alikuwa akiliongelesha fuvu la kichwa, na Watson mwenyewe anagundua kwamba amekuja kuchukua nafasi ya fuvu. Mtu anayehitaji masikio, hata yasiyosikia, ndipo akili izunguke, si mtu wa kujitenga ndipo awaze. Ushahidi wa upande wa pili nao upo: yeye mwenyewe anamtahadharisha Watson kwamba kuna nyakati anapitisha siku kadhaa bila kusema neno. Uandike pia. Karatasi isiyo na ushahidi wa upande wa pili ni ya shabiki.

T na F zinaonekana pale sheria na moyo vinapogombana, tena uangalie kinachomuuma baadaye kuliko anachokiamua. Luther, mwanzoni kabisa mwa tamthilia, anamwacha muuaji wa watoto aanguke kutoka juu baada ya kumtoa siri ya binti alipofichwa. Sheria ilikuwa upande mmoja, akachagua mwingine, na kinachomtesa ni watu aliowaangusha kuliko kanuni aliyoivunja. F, pamoja na misuli yote ile. Poirot wa David Suchet naye, katika kipindi cha 2010 cha treni iliyokwama kwenye theluji, anawaachia waliostahili kufikishwa mbele ya sheria. Lakini mwangalie anavyoondoka: analia, rozari mkononi, kama mtu aliyevunja kitu kilichokuwa kimemshikilia maisha yake yote. Wawili wameamua karibu jambo lilelile. Mmoja amefuata alivyo, mwingine amekwenda kinyume na alivyo, na ndiyo maana Poirot namwachia T yake.

J na P hazihitaji maneno mengi, ila moja: unadhifu si J. Meza ya Amy Santiago wa Brooklyn Nine-Nine, yenye mafaili yake yaliyopangwa kwa rangi, na ile ya Jake Peralta iliyojaa takataka zinawapa watu jibu rahisi ambalo kwa hao wawili ni sahihi, halafu wanalibeba hadi kwa Columbo na kukosea. Uliza badala yake: jambo lisiloisha linamfanya nini? Sarah Lund wa tamthilia ya Denmark ya 2007 anatakiwa ahamie Sweden na mchumba, mizigo iko tayari, na kila siku anaahirisha kwa sababu kesi haijafungwa. Maisha yake yamevurugika kabisa, nyumba hana, na bado ni J. Kinachomzuia kuondoka ni kwamba hawezi kuacha mlango nusu wazi.

Hatua ya 5: Andika majibu mawili, kisha tafuta tukio la kuliua moja

Usimalize na jibu moja. Andika aina mbili zinazofanana, tofauti herufi moja tu, kisha rudi kwenye tamthilia kuwinda tukio litakalokukatalia ile unayoipenda.

Tumalizie na Columbo. S tumeshaipata. I: anapiga soga na kila mtu, lakini anachokiwaza hata askari wenzake hawakijui, anakuja amekwishamaliza. J: ondoa koti, ondoa gari lake la Peugeot 403 lililochoka, kinachobaki ni mtu asiyelala kwa sababu ya kitu kidogo kisichokaa sawa. Sasa T au F? Kuna kipindi cha 1973 ambamo anampenda kwelikweli muuaji, mtengeneza mvinyo, wanakunywa pamoja, na anampeleka kituoni vilevile. ISTJ inapumua. Halafu kinakuja kipindi cha 1975: muuaji ni mwigizaji mkongwe wa kike, mgonjwa wa ubongo, kumbukumbu zinafutika, amebakiza muda mfupi wa kuishi na huenda hakumbuki alichofanya. Rafiki yake anajitokeza kukiri kwa uongo ili yeye afe kwa amani. Columbo anajua ni uongo. Anamchukua rafiki.

Kipindi kimoja katika miaka mingi hakitoshi kugeuza herufi, lakini kinatosha kukukataza kuiandika kwa wino. Mimi namwandika ISTJ, T kwa penseli.

Wengine hawapimiki, na ni vizuri kujua mapema usije ukapoteza usiku. Tamthilia ya CID ya India, iliyoanza 1998 na yenye watazamaji wake waaminifu hapa mjini, ina ACP (kamishna msaidizi wa polisi) Pradyuman anayezungusha vidole hewani akinusa jambo, na Daya wa kuvunja milango. Unawapenda kwa ishara zao, na ishara hazibadiliki hata kesi ikiwa ya namna gani. Wape herufi moja au mbili, nyingine acha wazi.

Hatua ya 6: Kubishana bila kuvunja urafiki

Kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja aandike jibu lake kwenye simu. Bila hivyo, msemaji wa kwanza mwenye sauti anawabeba wote. Sheria ya pili: kila herufi ije na tukio, na ukiulizwa kipindi gani ukitaje. "Yule mtu ndivyo alivyo" haikubaliki. Anayekuja na matokeo ya kura za mtandaoni asikilizwe kwa adabu, ila akumbushwe kwamba kura zinaonyesha nani anapendwa, na watu hupenda kumpa wanayempenda herufi zao wenyewe.

Na iwe kwa makachero tu. Wanasaikolojia wengi hawautegemei mfumo huu. Mtu yuleyule akijaza maswali tena baada ya wiki kadhaa mara nyingi anatoka na aina nyingine, na watu wengi wako katikati ya kila jozi kuliko pembeni. Kwa mtu wa kubuni hakuna anayeumia. Usiupeleke kwenye usaili wa kazi wala kwa wakwe.

Pa kuanzia

Kama hujawahi kupima, usianze na Sherlock. Kelele ni nyingi. Anza na Mma Ramotswe na shirika lake la upelelezi Gaborone, tamthilia ya 2008–2009 iliyopigwa picha Botswana kwenyewe. Vipindi ni 7, wikiendi moja inatosha. Jill Scott ndiye Ramotswe, na fundi magari Matekoni anaigizwa na Lucian Msamati, mwigizaji ambaye wazazi wake ni Watanzania. Idris Elba naye anapita kipindi cha kwanza, upande wa wabaya. Faida nyingine ni kwamba hapa watu wanasalimiana kama sisi, hivyo ile hatua ya pili inakuwa nyepesi. Katibu wa Ramotswe, Grace Makutsi, aliyehitimu chuo cha ukatibu kwa asilimia 97 na asiyeacha mtu asahau, atakuchukua nusu saa. Ramotswe mwenyewe, anayewaacha watu waongee huku akinywa chai yake, ndiye atakayewakeshesha, na ugomvi utakuwa kwenye E na I.